Nani amepima lango?

Shemeji yangu hana subira na wagombea wachanga. Akitajwa mtu aliyekaa bungeni muhula mmoja na sasa anautaka urais, yeye huuliza swali moja tu: "Ameshaongoza nini huyo?" Halafu anarudi kwenye simu yake. Kwake kesi imekwisha.

Tumebishana juu ya hili miaka na miaka, na silaha yangu ya siku zote ilikuwa James Buchanan, rais wa zamani wa Marekani. Mtu yule alikuwa mbunge, balozi Urusi, seneta, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, kisha balozi Uingereza. Alipoondoka Ikulu Machi 1861, majimbo saba yalikuwa yameshajitoa kwenye muungano. Aliyempokea, Abraham Lincoln, serikali kuu alikuwa ameijua kwa miaka miwili tu, muhula mmoja katika Baraza la Wawakilishi. Shemeji husema huo ni mfano wa kuokoteza. Nakiri. Ukijichagulia marais wawili wa kukufaa, utathibitisha lolote unalotaka.

Basi safari hii, tukibishana juu ya kijana mmoja anayeutaka urais, nimemwacha Buchanan apumzike, nikamsimulia habari za lango.

Nilikuwa na miaka 31 nilipokaimishwa ukuu wa ghala kazini. Wengi wa waliokaa nami mezani walianza kazi ile nikiwa bado shule ya msingi. Tulikuwa tunahamishia shehena yote kwenye jengo jipya, na mpango niliukuta umeshaandikwa: malori mangapi, saa ngapi, nani ahesabu, nani atie saini. Wakati wananisomea, swali likanijia: kuna mtu amepima lango la kule? Lilifika kwenye ncha ya ulimi, nikalimeza. Watu wa miaka ishirini kazini wasipime lango? Nitaonekana mtoto. Nikatia saini.

Lori la kwanza likafika. Dereva akashuka, akatazama juu, akatazama lori lake, akatazama juu tena. Mtu mpole sana. Aliniuliza tu kama kuna njia nyingine ya kuingilia. Haikuwepo. Tulishusha mzigo barabarani na kuubeba kwa mikono hadi usiku wa manane. Baadaye ikajulikana kwamba kila mmoja alidhani mwenzake ndiye aliyepima.

Ndiyo maana kila nikisoma habari za Ghuba ya Nguruwe, ule uvamizi wa Kuba ulioshindwa, namwona yule dereva. Rais wa Marekani, John F. Kennedy, alikuwa na miaka 43 na hajatimiza miezi mitatu Ikulu. Alishakaa bungeni miaka 14, lakini bungeni unahutubia na kupiga kura. Uamuzi wa peke yako unaopeleka watu vitani ni jambo jingine. Mpango wa kuwatumia wakimbizi wa Kuba kumwangusha kiongozi wa nchi hiyo, Fidel Castro, aliurithi kutoka serikali iliyomtangulia, na aliyekuja kuutetea ni Allen Dulles, mkuu wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, tangu 1953. Kennedy aliona eneo la awali la kutua lingevuta macho mno, likabadilishwa. Moja ya tumaini lao lilikuwa kwamba mambo yakiharibika wapiganaji watakimbilia milima ya Escambray. Ila kutoka eneo jipya, milima ile ilikuwa zaidi ya kilomita 100, na katikati kuna vinamasi. Mlima ulibaki kwenye maelezo, lakini hakuna aliyesimama kusema ramani imebadilika. Walitua Aprili 17, 1961, wapatao 1,400. Ndani ya siku tatu wote walikuwa ama wamekufa, ama wametekwa, ama wanatangatanga.

Kinachonivutia ni alichofanya wiki ile ile. Alisimama mbele ya waandishi wa habari akasema mwenye dhamana ni yeye. Kisha akamwita Dwight Eisenhower, rais aliyemtangulia, wa chama pinzani, ambaye serikali yake aliisema vibaya kampeni nzima. Wakakutana Camp David, makazi ya mapumziko ya marais. Mzee akamuuliza, kwa maana yake: kabla hujakubali, uliwaketisha wote mbele yako wakabishana ukisikia? Hakuwa amefanya hivyo.

Oktoba 1962, makombora ya Kisovieti yalipogunduliwa Kuba, aliwaketisha. Siku 13 walibishana, na vikao vingine alitoka makusudi ili watu waseme bila kumtazama usoni. Jenerali Curtis LeMay, mkuu wa jeshi la anga, ambaye vita alivijua kuliko yeye, alimwambia waziwazi kwamba kuizingira Kuba kwa meli badala ya kuishambulia kutaonekana ni unyonge, kisha akaongeza kuwa rais yuko pabaya. Kennedy akamjibu kwamba basi wako humo pamoja. Na meli zikaenda kuzingira.

Hapo shemeji alinikata. "Kwa hiyo alijifunza. Na wale waliokufa ufukweni, ndio walikuwa karo yake?" Walikufa zaidi ya 100. Sikuwa na la kusema. Mimi kosa langu lilitugharimu migongo na usiku mmoja.

Nilimwambia tu kwamba siku hizi miaka ya mgombea sihesabu. Namsikiliza kama anaweza kuuliza swali la kitoto mbele ya wazee wa kazi. Huyu kijana tunayembishania nimeyatazama mahojiano yake marefu mara mbili. Akaulizwa kuhusu deni la taifa, akatiririka kama maji. Akaulizwa kuhusu jeshi, akatiririka vile vile. Saa nzima sikumsikia akisema, "Hilo bado sijalielewa."

"Akisema hivyo nani atampigia kura?" shemeji akauliza.

Nikafikiri. Mimi mwenyewe, siku ile mezani, ningempa kura?