Kata ya mbege, Kibosho

Asubuhi ya tarehe 26 Desemba 2019 nilimchemshia dada mayai mawili kabla hatujatoka kwenda kanisani. Alikula moja na nusu, taratibu, kwa dakika 20 hivi, akasogeza sahani. Niliridhika. Aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo akienda kwenye sherehe na njaa, hatafuni bali anameza, na hapo ndipo siku inapoharibika.

Ulikuwa ubatizo wa mtoto wa kaka yetu, Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na kama ilivyo kwa Wachaga kila Desemba, ukoo mzima ulikuwa umepanda: wa Dar, wa Arusha, wa Mwanza, na dada mwenyewe kutoka Nairobi anakoishi. Huko Nairobi ndiko alikofanyiwa baipasi, upasuaji wa tumbo wa kupunguza uzito, mwezi Mei mwaka huo, akiwa na kilo 128. Sasa alikuwa na 94. Waliojua sababu tulikuwa mama, kaka na mimi. Wengine waliona tu mtu kapungua kilo 34 kwa miezi saba, na kila mtu anajua huku kwetu mtu akikonda ghafla husemwa nini. Mashangazi walimshika mkono muda mrefu kuliko kawaida. Yeye alisema anafanya mazoezi.

Mimi ni afisa lishe. Waliokatwa tumbo nimewapangia chakula mara nyingi, na dada nilimpangia kwa simu tangu siku ya kwanza. Wiki mbili za mwanzo vimiminika tu: maji, supu iliyochujwa na kuenguliwa mafuta, maziwa mepesi, kwa funda ndogo ndogo hadi afikishe lita moja na nusu kwa siku. Wiki ya tatu na ya nne vyakula vilivyosagwa, na hapo sisi watu wa mlimani tuna bahati, maana mtori ni kama ulitungwa kwa kazi hiyo. Nilimgeuzia vipimo tu: nyama iwe nyingi kuliko ndizi, siagi isiguse sufuria. Baadaye yakaja mayai laini, samaki, maharage ya kuponda, kisha kuku. Nyama nyekundu tuliichelewesha hadi mwezi wa nne. Chakula kipya kilikuwa kimoja kwa siku, vijiko viwili vya chai, mchana akiwa nyumbani, na kila kitu kinaandikwa. Kikimkataa, tunakipumzisha wiki mbili kabla ya kujaribu tena. Ugali ulimkataa mara tatu. Parachichi lilikubali kwa robo. Chapati ya mafuta ilimpeleka chooni, na kinyesi kikaelea kwa mafuta, jambo ambalo yeye lilimuudhi na mimi nilishukuru kuambiwa, kwa sababu ndiyo dalili kwamba mafuta yamepita bila kumeng'enywa.

Kwa hiyo tulikwenda kwenye ubatizo huku nikijiona nimejipanga kuliko mpishi. Mkobani nilikuwa na kisosi, kijiko cha chai, na karatasi niliyomwandikia: asinywe chochote nusu saa kabla ya kula na nusu saa baada ya kula, aanze nyama, afuatishe mboga, wanga mwishoni kama nafasi ipo, atue kijiko kati ya tonge na tonge. Chini kabisa niliandika kuhusu kileo: hakuna bia, hakuna mvinyo, hakuna Konyagi, mpaka mwaka mzima uishe tangu upasuaji.

Ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, ililetwa saa saba na nusu, imesimama mezani na majani mdomoni. Wifi alitukatia kipande cha paja, na ngozi yote iliyokauka ikang'aa kwa mafuta nikaibandua nikaila mimi. Iliyobaki niliikata vipande vya ukubwa wa punje ya maharage. Kwa nyama choma hilo si la kujishaua. Nyama kavu ya mbuzi ndiyo inayokwama kuliko zote. Ikikwama, mtu husikia uzito katikati ya kifua, mate yenye povu yanajaa mdomoni, na kila aliye karibu anamletea maji ya kusukumia. Maji hayana pa kupita. Hujaa juu ya tonge na kurudi nalo. Dawa ni kuacha kula, kusimama, kutembea kidogo na kusubiri, na ikipita saa kadhaa hata mate hayashuki, ni hospitali.

Haikukwama. Dada alikula vipande tisa, nilivihesabu, akachukua kijiko cha mchicha na nusu ya ndizi ya kuchemsha. Kisosi kilibaki na chakula na yeye mwenyewe akakisukuma. Saa nane kasoro nikaondoka kwenda kusaidia kugawa sahani, nikijua kazi imekwisha.

Sikuwepo, basi, baba mkubwa alipofika na kata ya mbege. Niliyasikia baadaye kwa dada. Baba mkubwa alikunywa kwanza, akafuta mdomo, akampa. Dada akasema, "Baba, mimi pombe nimeacha." Mzee akashangaa kwelikweli. "Nani kasema pombe? Mwanangu, hii ni mbege. Hii ni chakula." Na kumbe hivyo ndivyo tulivyolelewa. Watoto tulilambishwa povu lake. Dada angekataa angalau kwa kusema ni mgonjwa, lakini neno hilo ndilo alilokuwa analikimbia tangu asubuhi. Akapokea kata, akanywa karibu nusu, kwa mkupuo mmoja mrefu, ili asifiwe.

Nimeifikiria kata ile mara nyingi. Mbege hupikwa kwa ndizi zilizoiva, zinachemshwa mpaka maji yanakuwa mekundu, halafu zinalazwa siku kadhaa. Ulezi unaloweshwa, unaota, unaanikwa, unasagwa, unapikwa uji, kisha vinachanganywa na magome ya msesewe ili uchungu uukate utamu. Ile ya siku hiyo ilikuwa changa, bado tamu, inachemka povu. Ndani ya kata moja kulikuwa na sukari ya ndizi, kileo, hewa, na makapi ya ulezi. Juu ya hayo ilikuwa kinywaji, kimeingia dakika 15 baada ya chakula. Vitu ambavyo mimi nilikuwa nimevigawa kwenye mistari tofauti ya karatasi, bibi zetu walishavichanganya kwenye pipa moja. Na jina lake halikuwemo kwenye karatasi yangu. Karatasi aliyopewa hospitalini ilikuwa mbaya zaidi: iliandika "epuka pombe" na kuishia hapo, kama vile mtu huamka asubuhi akaamua kunywa pombe.

Wifi ndiye aliyeniita. Nilimkuta dada ameinama kitini chini ya mgomba, jasho linamtiririka shingoni, moyo unadunda hadi unaonekana kwenye kola ya gauni. Tumbo lilikuwa linaunguruma kwa sauti ya kusikika. Mapigo niliyahesabu 124 kwa dakika. Waliokaa karibu walicheka, "Nusu kata tu kalewa!" Hakuwa amelewa bado.

Katika baipasi, daktari hutenga kifuko kidogo juu ya tumbo, cha mililita 30 hivi, akakiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba. Tumbo kubwa linabaki lakini chakula hakipiti humo tena, wala hakipiti kwenye lile lango la chini ambalo kwa kawaida huachia chakula kidogo kidogo. Sukari ya majimaji inaporomoka utumboni yote kwa pamoja. Utumbo unavuta maji kutoka kwenye damu ili kuizimua. Tumbo linajaa, presha inashuka, moyo unakimbia kufidia. Wenye fani wanaita dampingi. Huanza ndani ya dakika 10 hadi 30. Waliofanyiwa slivu, ambao tumbo limepunguzwa zaidi ya robo tatu likabaki kama mrija, lango lao lipo, kwa hiyo huwapata mara chache zaidi.

Tulimlaza kitanda cha mama. Kwa hatua hiyo hakuna dawa ya kukimbilia: alale chali, asinywe kitu mpaka mawimbi yapite, kisha maji kwa funda. Alikwenda chooni mara mbili. Mama alileta diklofenaki kwa ajili ya kichwa, nikamnyang'anya. Dawa za jamii hiyo, pamoja na aspirini na ibuprofeni, hutoboa vidonda pale kifuko kilipoungwa na utumbo. Alipewa parasetamoli. Saa tisa kasoro alikuwa ametulia, mapigo 88, akasema ana usingizi. Nikamfunika na khanga nikarudi nje.

Hilo ndilo kosa langu, na ni kosa la mtu aliyesoma. Nilijua kwamba kuna dampingi ya pili. Sukari ikiingia kwa kishindo, mwili hujibu kwa insulini nyingi kupita kiasi, na saa moja hadi tatu baadaye sukari ya damu inaanguka chini ya ilipokuwa. Nilijua pia kwamba ini ndilo linalotoa akiba ya sukari wakati kama huo, na ini lenye kileo linashughulika na kileo kwanza. Nilivijua vyote viwili, kila kimoja kwenye ukurasa wake.

Saa kumi kamili nilipita kumchungulia. Uso ulikuwa wa baridi na unyevu, midomo inatetemeka. Nilimuuliza tuko wapi, akajibu, "Zima jiko." Mama ana kisukari, kwa hiyo mashine ya kupimia ilikuwa juu ya kabati. Nikamtoboa kidole: sukari ya damu milimoli 2.7 kwa lita. Chini ya 3.9 tunahesabu imeshuka. Chini ya 3.0 ni ya kutisha.

Mtu akaja na chupa nzima ya soda ya machungwa, imefunguliwa. Nilimrudisha nayo. Soda nzima ingemwinua kwa dakika chache, ikaita insulini nyingine, tukarudi pale pale tukiwa na gesi juu yake. Nilikoroga vijiko vitatu vya chai vya sukari, gramu 12 hadi 15, kwenye maji robo glasi, nikamkalisha, nikamnywesha kwa kijiko. Hii ni kwa sababu alikuwa anaweza kumeza. Angekuwa amezimia nisingemtia kitu mdomoni, ningemlaza ubavu na kutafuta gari. Nikasubiri dakika 15 nikiitazama saa, nikaziona ndefu kuliko misa ya asubuhi. 4.2. Mara moja nikampa nusu yai lililobaki asubuhi na karanga chache za kutafuna sana, maana sukari peke yake haikai. Inahitaji protini ya kuishikilia.

Alipozinduka vizuri aliuliza kama watu wameona.

Nilimpima tena saa kumi na mbili, saa mbili usiku na saa nne, kwa sababu ya kile kileo. Haikushuka tena. Katikati ya vipimo hivyo niliandika upya sehemu ya chini ya karatasi, na tangu hapo ndivyo ninavyowaandikia wote. Kileo hakihesabiwi kwa ukali, bali kwa kinachoambatana nacho. Mbege, wanzuki, dengelua, komoni na togwa iliyolala vimo kwa majina. Konyagi na soda ni mbaya kuliko Konyagi, na Konyagi yenyewe haifai. Mwaka mzima hakuna. Baada ya hapo, anayetaka aanze nyumbani, akiwa na mtu anayejua, na mlo wenye protini umepita nusu saa: mililita 75 za mvinyo mkavu, kwa saa nzima, bila kuendesha gari siku hiyo hata akijiona mzima. Utafiti mdogo wa Marekani uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kwa wanawake waliofanyiwa baipasi vinywaji viwili hupanda kwenye damu kama vinne. Mwingine mkubwa, wa 2012, uliona tatizo la ulevi haliongezeki mwaka wa kwanza bali wa pili, kutoka asilimia 7.6 kabla ya upasuaji hadi 9.6, yaani wakati ambao mgonjwa ameshaacha kuja kliniki na sisi tumeshaacha kuuliza. Na anayekunywa huku anatapika tapika nampa vitamini B1 bila mjadala.

Asubuhi ya tarehe 27 dada alitaka mtori. Nilimpimia kisosi kimoja. Baba mkubwa alifika akiwa hajanywa hata chai, akaketi mlangoni na kofia mapajani. Dada alimwamkia, kisha akamweleza mwenyewe, kuanzia Mei, bila kuficha hata bei. Mzee alisikiliza hadi mwisho. Akauliza kama mbege yake ndiyo iliyotaka kumuua. Dada akasema si mbege, ni mkupuo. Mzee akatikisa kichwa, akanyamaza, akaitazama ile mashine iliyokuwa bado mezani.

"Hiyo inapima na wazee?"

Nikamtoboa kidole. 13.8.