Siku moja ya mpambaji wa biskuti Kisumu

Saa kumi na moja alfajiri huwa nimekwisha kusimama jikoni kwangu Migosi, na kazi yangu ya kwanza ni kuosha tena bakuli ambalo nililiosha jana usiku. Ninalipaka nusu ya limau ndani yote hadi ukingoni, kisha ninavifuta pia vipigio vya mashine, kwa sababu tone moja la mafuta linatosha kuufanya ute wa yai ukatae kuumuka. Povu la ute hushikiliwa na protini zinazoshikana kuzunguka hewa, nayo mafuta hujipenyeza katikati yake na kuuvunja mshikano huo. Ndiyo maana nilikwisha kuacha bakuli za plastiki, ambazo hushika mafuta ya wiki iliyopita hata ukizisugua namna gani.

Ninaandika haya kwa kuwa wengi wanaoiona biskuti iliyopambwa hudhani kwamba aisingi, yaani lile pambo tamu la juu, ni sukari iliyokorogwa na maji. Agizo la leo ni biskuti 60 za sherehe ya mtoto anayetimiza miaka sita: 40 za umbo la kipepeo na 20 za umbo la namba sita. Ziliokwa jana ili zipoe vizuri. Kazi ya leo ni aisingi peke yake, nayo itakula siku nzima.

Ninatumia ute wa mayai sita kwa kilo moja ya sukari ya aisingi, na vijiko viwili vya chai vya maji ya limau, ambayo hulipa povu uthabiti. Mayai huyanunua soko la Kibuye, na kwa kuwa watakaokula ni watoto, siutumii ute ukiwa mbichi. Ninauchanganya na sehemu ya sukari, ninaukalisha juu ya maji yanayochemka polepole na kuukoroga bila kupumzika hadi kipimajoto kisome nyuzi 71, joto ambalo huua vijidudu vya salmonela. Hapo ndipo ninapoongeza sukari iliyobaki, nikiwa nimeichekecha mara mbili, kwa maana chembe moja ngumu huziba mdomo wa mfuko wa kukamulia na kuharibu mstari mzima. Mashine hupiga kwa dakika saba hivi. Ukizidisha, aisingi hujaa hewa, na ikikauka huwa na vitundu na kumeguka kwa urahisi.

Kufikia saa moja na nusu aisingi huwa imegawanywa: nzito, ambayo ncha yake husimama unapoinua kijiko, ni ya mistari ya kando, na nyepesi ni ya kujaza katikati. Nyepesi ndiyo yenye mtihani. Ninaongeza maji nusu kijiko cha chai kwa wakati mmoja, ninapitisha kisu juu yake na kuhesabu. Alama ya kisu ikifutika nikifika kumi na tano, imekuwa sawa. Ikifutika nikiwa sita, itamwagika nje ya mstari.

Kuanzia saa mbili hadi saa saba mchana nilichora kando, nikajaza, na kutoboa viputo kwa kijiti cha meno, huku mpwa wangu akipanga trei mbele ya feni. Vipepeo vyote vilikuwa vya waridi hafifu, kama tulivyoagizwa.

Saa nane kasoro mteja wangu akafika bila kupiga simu. Alisema fundi amemletea gauni la mtoto likiwa la zambarau iliyokolea, kwa hiyo vipepeo navyo viwe zambarau.

"Mama, vyote vimekwisha kujazwa," nikamwambia.

"Lakini dada, si ni sukari tu na rangi? Korogea nyingine umwage juu."

Nilimweleza kwa upole, kwa sababu ni mteja na kwa sababu swali lake si la ubaya. Rangi iliyokolea haipatikani kwa kumimina rangi nyingi papo hapo. Nyingi mno hulegeza aisingi, hutia uchungu mdomoni na kuacha ulimi wa mtoto umebadilika. Inatiwa kidogo, ikafunikwa na kuachwa saa kadhaa ikolee yenyewe. Ukiimwaga juu ya waridi ambayo bado ina maji ndani, rangi hizo mbili zitaingiliana na mabawa yatakuwa na madoa. Nikiwa katikati ya maelezo hayo, akanyoosha mkono na kubonyeza kipepeo kimoja ili aone kama kweli hakijakauka. Ngozi ya juu ikapasuka na alama ya kidole gumba ikabaki pale, imezama, na kingo zake zimekunjamana kama maziwa yaliyoshika utando.

Hakukusudia. Hata hivyo moyo uliniuma, maana pasuko la namna hiyo halizibiki: ukiongeza aisingi juu yake kovu huonekana. Kisha akaniomba nipunguze bei ya shilingi 120 kwa biskuti moja, akinikumbusha kwamba dukani pakiti nzima ni nafuu zaidi. Nilikataa. Anachonilipa ni saa hizi ambazo amezikuta zikipita mbele ya feni, na sukari ni sehemu ndogo sana ya bei hiyo. Tulikubaliana mwishowe kwamba vipepeo vibaki vya waridi, nami nivichoree mishipa ya mabawa kwa zambarau usiku, vikiwa vimekauka juu. Aliondoka saa tisa na robo, zaidi ya saa nzima tangu alipoingia, nami nikakoroga zambarau yangu na kuifunika kwa kitambaa kibichi.

Mvua ya Aprili ilianza muda mfupi baadaye, na umeme ukakatika pamoja nayo. Asiyefanya kazi hii hawezi kujua maana ya feni kunyamaza Kisumu wakati wa masika. Sukari hunyonya maji kutoka hewani, na hewa ya hapa kando ya ziwa huwa nzito hata siku ya jua. Aisingi isiposhika ngozi mapema hupoteza mng'ao na hubaki laini chini. Tulifunga madirisha upande wa mvua, tukachukua vipande vya katoni, tukazipepea trei kwa zamu, mimi na mpwa wangu, sijui kwa muda gani. Mikono ilikufa ganzi. Aliniuliza, "Shangazi, kwa nini tusiziingize kwenye oveni ya gesi zikauke mara moja?" Nikamweleza kwamba joto lingeyeyusha siagi iliyo ndani ya biskuti, ikapanda juu na kuacha mabaka ya mafuta kwenye waridi. Akaendelea kupepea.

Umeme ulirudi giza likiwa limekwisha kuingia. Niligusa vipepeo kwa mgongo wa kidole, kimoja kimoja, na ngozi ilikuwa imeshika, ingawa mng'ao wa vilivyojazwa mwisho haukuwa kama wa vile vya asubuhi. Niliamua hivyo vitakaa safu ya chini ya boksi. Zambarau ilikuwa imekolea kuliko nilivyoikoroga. Mgongo ulikuwa ukiniuma, lakini mkono ulitulia mara mfuko ulipoingia kiganjani: mishipa minne kila bawa, nukta tatu ukingoni, na hakuna rangi iliyomwagikia nyingine. Nilipomaliza cha mwisho mpwa wangu alikuwa amelala kitini.

Kile chenye alama ya kidole nilikwisha kukibadilisha na kimoja cha akiba, kwa kuwa kila agizo huwa naoka za ziada. Nilimwekea mpwa wangu kwenye sahani, nikaelekeza feni kwenye trei zote, nikaweka saa ya kuniamsha saa kumi na moja. Bodaboda atakuja saa tatu kuzipeleka Milimani.