Sanduku la gesi: hatimaye histogramu imelala kwenye mstari wa Maxwell

Jamani imekubali! Saa nane usiku hii na silali kabla sijaandika.

Wiki mbili na ushee nimehangaika na kitu kimoja tu. Ni sanduku la gesi la kuigiza, programu niliyoandika kwenye kompyuta: lina chembe 2000 za naitrojeni, Kelvini 300, zote naziachia na kasi ileile, mita 517 kwa sekunde (kile kipeuo cha pili cha 3RT/M: R ni namba ya gesi, T ni joto, M ni uzito wa moli moja kwa kilo, weka 0.028, ukiweka 28 za gramu utalia), zikianza kugongana zinagawana nishati zenyewe, zingine zinazubaa zingine zinakimbia zaidi ya 1000. Hapo safi. Shida ni histogramu, ile grafu ya nguzo inayoonyesha chembe ngapi zina kasi ipi. Kilele cha mstari wa Maxwell, yule mwanafizikia aliyepiga hesabu ya kasi za chembe za gesi zinavyogawanyika, kinatakiwa 422, changu kinakaa 360 na kitu. Kila siku! Nikapunguza hatua ya muda mara kumi, vilevile. Nikaandika upya sehemu ya kugonga ukuta, vilevile. Nikashuku namba za bahati nasibu, nikabadilisha, wapi. Na nishati jumla haitikisiki kabisa, yaani hakuna pa kushika.

Kilichonifungua macho ni upande wa kushoto wa grafu ambao nilikuwa siuangalii. Nikaamua kuhesabu zile goigoi tu, zilizo chini ya mita 100 kwa sekunde. Kwa Maxwell, kati ya 2000 zinatakiwa kama 19. Nahesabu napata 71, nangoja kidogo nahesabu tena, 76. Karibu mara nne! Na nguzo zake zinapanda toka sifuri zimenyooka kama ngazi, wakati mstari wa Maxwell unaanza kwa kutambaa chini chini ndo unapanda. Kunyooka maana yake unafuata kasi, kutambaa ni kasi ya mraba... kumbe chembe zangu zinatembea kwenye karatasi! Nina x na y, basi. Ile hesabu ya Maxwell ya 1860 ni ya chumba kizima, chembe ili iwe goigoi lazima iwe goigoi pande zote tatu kwa wakati mmoja, ndo maana ni chache. Kwenye bapa zinatosha pande mbili. Na ile 517 kwenye bapa wala haikuwa Kelvini 300, ni 450.

Nikaongeza z. Nikaacha zigongane, kilele kikasogea kulia taratibu, 422 hiyoo, goigoi 21. Nilipiga kelele mpaka mama akaja kugonga mlango.

Kuhusu vifaa, msijaribu hii kwa Python (lugha ya programu) ya vitanzi viwili, kila chembe ikikaguliwa na kila nyingine, ni jozi karibu milioni 2 kila hatua, laptopu inachemka bure. Tumia NumPy, maktaba yake ya hesabu za haraka, halafu gawa sanduku vijumba vidogo ukague majirani tu. Ila kwa kuchungulia namba haraka haraka Excel bado haina mpinzani.

Basi nikachanganya heliamu nusu kwa nusu na naitrojeni, zote nikazianzisha na 517. Baada ya muda naitrojeni zikashuka hadi 390 hivi, heliamu zikapanda 1030 na kitu. Mara 2.65! Ndo kipeuo cha pili cha 7 hicho, uzito wa 28 kwa 4, na hakuna popote kwenye programu nimeandika hiyo namba, zimeitafuta zenyewe kwa kugongana. Joto nalo nililipandisha mara mbili, Kelvini 600, naitrojeni zikafika 731 tu. Watu wengi wanadhani kasi itazidi mara mbili, wawashe hili sanduku waone.

Nilipanga hatua inayofuata iwe ule mrija wa maabara wenye amonia upande mmoja na asidi ya haidrokloriki upande wa pili, mivuke ikikutana pete nyeupe itokee karibu na upande wa asidi. Umesimama kwanza, kwa sababu nimepiga hesabu ya molekuli za haidrojeni (H2) kwenye Kelvini 1000, joto la anga ya juu kabisa, nikapata kilomita 3.5 kwa sekunde. Kuitoroka Dunia unahitaji 11.2. Wastani haufiki, lakini ule mkia wa kulia wa grafu, zile chache zenye mbio sana, ndizo zinazoondoka, na kila zikiondoka migongano inajaza mkia upya. Kuutoroka Mwezi ni 2.4 tu!

Nimeshatoa dari la sanduku na kuweka mvutano wa kuvuta chini kama wa Dunia. Naitrojeni zimekaa chini, heliamu zinaelea juu yake, na sasa hivi naangalia moja imepita ukingo wa skrini, hairudi.