Jiwe la Mlango wa Uani

Mlango wa uani nyumbani kwa Bibi, Magomeni Mapipa, haukutulia bila jiwe. Komeo lake lilikwisha kabla sijazaliwa, na kazi ya kuuzuia usigonge ilikuwa ya jiwe moja la kijani, ukubwa wa nazi iliyofuliwa, ambalo Babu alilileta enzi anaendesha lori la kwenda Namanga. Alilitoa Longido. Hapo Bibi alikuwa na hadithi mbili: siku nyingine Babu aliliokota kandokando ya barabara lori lilipopasua tairi, siku nyingine alipewa na mzee wa Kimaasai ambaye Babu alimpa lifti. Zote mbili alizisimulia kwa uhakika uleule, nami nimezihifadhi zote mbili.

Halikuwa jiwe la kung'aa. Lilikuwa na ukijani wa kisamvu kibichi, limenyunyiziwa vijidoa vyeusi, na humo ndani kulikuwa na mabaka mekundu ya kiza, rangi ya rosela iliyochemka sana. Bibi alilisugua kila Ijumaa pamoja na sakafu. Likiwa na maji lilipendeza mno, likikauka linafifia. Ajabu ilikuwa uzito wake. Mwenye duka la jirani alilipima akapata kilo mbili kasoro robo, akatikisa kichwa.

Mwaka 1998, mara baada ya zile mvua za Elinino, nilikuwa kidato cha pili na mwalimu wa jiografia akafika kwenye miamba. Alitueleza ile iliyozaliwa upya chini ya ardhi kwa joto na mgandamizo, ikabadilika umbo bila kuyeyuka. Nikanyoosha mkono nikasema kwetu tuna jiwe la kijani lenye mabaka mekundu. Darasani mtu akanong'ona, "Zumaridi!" Jioni ile neno lilikuwa limeshatangulia nyumbani. Kesho yake akaja mwanamume nisiyemfahamu, amevaa viatu safi kupita matope ya mtaa wetu, akataka kulinunua palepale. Alipoona Bibi anasita, akaongeza bei mara mbili kabla hajakaribishwa kiti.

Bibi alimwambia, "Baba, jiwe la marehemu mume wangu silijui thamani yake, na kitu nisichokijua thamani yake siwezi kukiuza."

Mwalimu wangu ndiye aliyetuelekeza Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mtu waliyesoma pamoja, mhadhiri wa jiolojia. Nilidhani nitaenda peke yangu. Bibi akavaa kanga zake mpya doti nzima, akaliweka jiwe kwenye kikapu cha ukili, akalifunika kwa kitambaa kama anapeleka chakula hospitali. Tukapanda daladala hadi Ubungo, tukabadilisha. Kikapu kilikuwa mapajani mwake njia nzima. Konda alipotaka kukipokea akiweke chini, Bibi alikikumbatia tu.

"Shikamoo, mama," mhadhiri alisema, akasimama. Hilo lilimfurahisha Bibi kuliko yote yaliyofuata, nadhani, kwa sababu tangu hapo alimwita mwanangu.

Alipolitoa jiwe kwenye kitambaa alitabasamu kabla hajaligusa. "Hili si zumaridi, mama. Hili la kijani ni zoisaiti. Haya meusi ni madini mengine, jamii ya honiblendi. Na haya mekundu ni yakuti." Bibi akaguna aliposikia yakuti. Akamweleza kwa upole kwamba yakuti za mwamba huu nyingi hazipitishi mwanga, kwa hiyo wachongaji ndio huutafuta zaidi, watengeneze sanamu na mabakuli, kuliko masonara. Hata wao huwasumbua: yakuti ni ngumu kuliko zoisaiti, basi ukisugua, kijani kinalika na wekundu unabaki umejitokeza kama kipele. Nikapitisha kidole. Kweli, vipele vilikuwepo; miaka yote nilidhani ni uchafu.

Akatuambia mwamba huo ulianza kuchimbwa Mundarara, upande wa Longido, miaka ya 1950, na kwamba wazungu waliuita anyolaiti kutokana na neno la Kimaasai la rangi ya kijani. Tanzanaiti ya Mirerani, iliyogunduliwa 1967, nayo ni zoisaiti, ila ya buluu.

"Kwa hiyo ni ndugu," Bibi akasema.

"Ndugu kabisa, mama."

Kisha akasema jambo ambalo lilinitoa Magomeni, na hadi leo linanishangaza kama siku ile. Wekundu wa yakuti unaletwa na kromiamu, aina ya metali, kidogo tu iliyopenya ndani yake. Na ukijani wa zoisaiti hii unaletwa na kromiamu hiyohiyo. Kitu kimoja, jiwe moja, kimekaa pembeni ya chenzake kwa upana wa ukucha. Huku kinakuwa damu, kule jani, kwa sababu tu chembe zinazokizunguka zimepangwa tofauti. Haya yalifanyika chini sana, wakati ule mabara yalipogongana na kuukunja ukanda unaotokea Msumbiji ukapita kwetu kwenda kaskazini, yapata miaka milioni 600 iliyopita.

Akafunga mapazia. Akatoa taa ndogo ya urujuanimno, mwanga usioonekana kwa macho, akaimulika kwenye jiwe.

Kijani kikatoweka. Mezani palibaki giza, na ndani ya giza mabaka ya yakuti yakawaka mekundu, kama makaa ya jiko la mkaa uliyoyapuliza sasa hivi. Bibi alisogeza kiganja karibu nayo kuona kama yana joto.

Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akauliza, "Na usiku pale mlangoni, yalikuwa yanawaka hivi?"

"Hapana, mama. Mpaka taa hii."

"Basi naye hakuyaona," Bibi alisema. Mhadhiri hakumwelewa. Mimi nilimwelewa, nikatazama dirisha lililofungwa.

Mhadhiri aliomba akate kipande chembamba cha kuwaonyesha wanafunzi kwenye hadubini. Bibi alimshukuru, akakataa, akalifunga jiwe kitambaani mwenyewe.

Nyumbani hakulirudisha uani. Alilipangusa, akaliweka juu ya kabati la vyombo, kando ya redio ya Babu na picha yake ya leseni. Usiku ule upepo ulivuma, na mlango wa uani ukagonga, ukagonga, hadi alfajiri. Sikumsikia Bibi akiamka kuufunga kamba.