Lengelenge lilivyotaka kunitoa kwenye matembezi ya hisani
Kilomita 40 za kuchangisha fedha, marafiki wanne, na kufika ya 15 kisigino changu kinawaka moto. Lengelenge! Kosa langu: viatu vipya (ndiyo, nilionywa) na soksi za pamba zilizoloa jasho. Unyevu na msuguano ndivyo vinavyolizaa.

Nilikaa chini, nikakausha mguu, nikabandika plasta pana bila kulipasua, maana ngozi ile ya juu huzuia vijidudu. Nikavaa soksi kavu, nikafunga kamba upya: zikaze kwenye kifundo cha mguu ili kisigino kisichezecheze, zilegee kuelekea vidoleni kwa sababu miguu huvimba ukitembea muda mrefu.

Wenzangu wakapunguza mwendo, tukawa tunasimama kila saa kukagua miguu. Tulimaliza wote, mimi nikichechemea, na wafadhili wakalipa ahadi zao.