Bili ya hita Würzburg, na mwimbaji aliyeogopa Februari

Jamani hita itatumaliza huku Würzburg, Ujerumani. Mwenye nyumba kaniletea hesabu ya mwaka mzima, ati niongeze euro 480 za joto juu ya kodi ninayolipa kila mwezi bila kuchelewa, watu wa Mbagala pigeni hesabu wenyewe. Chumba kimoja, jioni nakaa ndani na koti, halafu naambiwa nimetumia sana. Imeniuma.

Basi mama mmoja Mjerumani wa ghorofa ya chini, mtu mzima, tulikuwa tunasalimiana tu kwenye ngazi, kaniona na hiyo karatasi akaniita kwake. Kapitia mstari kwa mstari na miwani yake, kakuta namba ya mita si ya chumba changu kabisa, akaniandikia barua ya kupinga palepale. Ndo akaniambia mji huu sio wewe wa kwanza kulia baridi, kuna Walther von der Vogelweide.

Huyu bwana alikuwa mwimbaji wa miaka ya 1200 hivi, anazunguka kwa wakubwa, anaimba mapenzi, siasa, mpaka wimbo wa hija ya Nchi Takatifu ambao muziki wake upo hadi leo. Lakini kwake hana. Hildegard wa Bingen aliyefariki 1179 alitunga nyimbo za kanisa akiwa mkuu wa masista, ana paa lake na waimbaji wake, Walther anategemea huruma ya mwenyeji. Hati pekee ya enzi zake inayomtaja ni daftari la matumizi la askofu Wolfger wa Passau, Novemba 12, 1203, kapewa hela anunue koti la manyoya. Walther aliomba apate pake miaka na miaka mpaka mfalme Friedrich wa Pili akampa ardhi karibu na 1220, naye akaimba kwa furaha kwamba sasa haiogopi tena Februari kwenye vidole vya miguu. Mtu aliyesubiri basi hapa asubuhi ya Februari anajua huyo alikuwa anasema ukweli mtupu.

Inasemekana alizikwa hapahapa, kwenye kibustani cha kanisa la Neumünster. Nilienda, nikakuta maua mabichi, na jiwe lina vishimo vya maji ya ndege. Miaka 800 na bado wanamtunza, kwa hilo nawavulia kofia.

Mnaotaka kuja, kabla ya kusaini uliza kodi ni pamoja na hita au bila, na siku ya kupewa funguo piga picha mita zote. Wazee wa jengo wasalimieni, msipite kama hamuwaoni. Barua yangu imeshaenda kwa rejista, na senti sitoi mpaka wanionyeshe mita yangu.