Nilivyoacha kukimbizana na mji mzima kwenye safari ya siku mbili

Safari yangu ya kwanza ya wikendi kwenye mji wa kigeni nilirudi nimechoka kuliko nilivyoondoka, na sio utani, Jumatatu nilishinda kazini nimevua viatu chini ya meza. Tulikuwa wawili, mimi na mdogo wangu wa kike, na tulikuwa na listi ya sehemu 14. Kumi na nne jamani, kwa siku mbili. Tukafika sehemu 5, na katika hizo tano mbili tuliziona kwa nje tu, moja ilikuwa imefungwa na nyingine foleni ilikuwa imezunguka jengo zima na sisi tumebakiwa na dakika 40.

Tangu hapo nimeshaenda safari za namna hiyo nyingi tu, Ijumaa naondoka Jumapili narudi, na saivi naweza kusema nimeipatia. Sio kwamba mimi ni mtaalamu, ila makosa karibu yote nimeshayafanya, mengine mara mbili.

Kilichonishtua ilikuwa hesabu niliyoipiga tukiwa tunarudi, kwa kalamu, nyuma ya tiketi. Tulitua Ijumaa saa 2 usiku, tukaruka kurudi Jumapili saa 12 jioni. Hayo ni masaa 46, ukiyasikia hivi hivi unaona ni mengi. Haya, toa masaa 16 ya kulala, yamebaki 30. Toa manne ya mwisho ya kwenda uwanja wa ndege na kukaa pale kusubiri, 26. Toa Ijumaa usiku yote ambayo iliishia kutafuta hoteli gizani, toa kula, kuoga, kusubiriana mlangoni (mdogo wangu anajijua), nikajikuta nina kama masaa 15 ya kuuona mji wenyewe. Na katika hayo 15, karibu sita tuliyamalizia ndani ya mabasi na treni za chini ya ardhi, tunatoka kona hii ya mji kwenda kona ile kwa sababu tu listi ilisema hivyo. Yaani mji tuliuona zaidi kupitia dirishani.

Kwaiyo siku hizi kabla sijaanza kutafuta vivutio naanza kutafuta masaa yangu yatavujia wapi, nayaziba kwanza.

Pa kulala ndo panapovuja kuliko sehemu zote. Ile mara ya kwanza tulichukua chumba nje kabisa ya mji, kikubwa, kizuri, kina balkoni, na kila siku dakika 50 kwenda na dakika 50 kurudi. Balkoni yenyewe tulikaa mara moja, tunapaka miguu dawa. Sasa hivi nafanya hivi: nafungua ramani, naweka alama kwenye vitu vitatu au vinne ninavyovitaka kweli kweli, halafu chumba nakitafuta katikati ya hizo alama, kiwe kidogo kama kabati mimi sijali. Mtu anatembea kama kilomita 5 kwa saa, na ukiwa mgeni unayeshangaa shangaa ni chini ya hapo, kwaiyo chochote kilichopo ndani ya kilomita 2 nakihesabia nusu saa kwa mguu. Na faida ambayo sikuitegemea ni kwamba ukilala katikati unaweza kurudi chumbani mchana, ukabadilisha viatu, ukachaji simu, ukajinyoosha nusu saa, ukatoka tena jioni kama mtu mpya. Ukilala mbali ukishatoka umetoka, mpaka usiku, na begi mgongoni.

Kwenye ndege nako kuna mtego. Jina la mji kwenye tiketi sio lazima liwe ndo mji wenyewe. Kiwanja cha Beauvais kwa mfano kinauzwa kama Paris na kiko kama kilomita 85 kutoka Paris, Hahn inaitwa Frankfurt na iko zaidi ya kilomita 100 kutoka Frankfurt. Kama unaenda wiki mbili haina shida, ila kwa wikendi hiyo ni asubuhi nzima imeondoka. Mimi siku hizi siangalii saa ndege inayotua, naangalia saa nitakayokuwa nimeshika funguo ya chumba, na ndege mbili nazilinganisha kwa hiyo saa.

Alafu siku za kufungwa. Lile jumba la makumbusho tulilolikuta limefungwa lilikuwa halina kosa lolote, kosa letu sisi, tulidhani sehemu za watalii zinafunguliwa tu kila siku. Hapana. Makumbusho ya Louvre ya Paris inafungwa Jumanne, Musée d'Orsay iko mji huo huo ila yenyewe inafungwa Jumatatu. Istanbul, jumba la kifalme la Topkapi ni Jumanne na soko la Grand Bazaar ni Jumapili, siku ambayo watu wa wikendi ndo wamejiwekea ya kuzunguka masoko. Makumbusho ya Vatican nayo Jumapili yanafungwa, isipokuwa Jumapili ya mwisho wa mwezi, na hiyo Jumapili ndo watu wote duniani wanakwenda. Dakika tano za kuangalia tovuti yao wenyewe zinatosha, na ukiwa pale pale kata tiketi ya saa maalumu kama ipo, maana foleni ndo mwizi mwingine.

Ila lililonikaa rohoni mpaka leo ni la basi la usiku.

Ilikuwa safari ya tatu au ya nne, tulikuwa na wikendi ndefu, Jumatatu ilikuwa sikukuu, kurudi tumekata basi. Tiketi imeandikwa Jumapili, 00:25. Sasa wewe unayefikiri kwa Kiswahili soma hiyo. Jumapili, saa sita na dakika ishirini na tano usiku. Mimi kichwani nikaona Jumapili nzima ni yetu, tunazunguka mpaka jioni, tunakula, tunakwenda stendi saa tano na nusu usiku, taratibu. Na ndivyo tulivyofanya, Jumapili ilikuwa nzuri sana mpaka najuta kuikumbuka. Tumefika stendi, basi lipo, namba ile ile, nimempa dereva tiketi kwa kujiamini kabisa. Akaiangalia. Akaniangalia. Akaiangalia tena, akaweka kidole gumba juu ya tarehe, hakusema hata neno. Mdogo wangu ndo aliyeelewa kwanza, akasema taratibu, "Kaka, lile basi lilikuwa la jana." Lilikuwa limeondoka usiku wa kuamkia Jumapili, sisi tumelala hotelini na madirisha wazi. Na usiku huo lililokuwepo limejaa. Tukakaa kwenye benchi la stendi mpaka kumepambazuka tukakata lingine, na nilishika zamu ya kulinda mabegi usiku wote kama adhabu, sikuambiwa, nilijihukumu mwenyewe.

Tangu hapo tiketi yoyote yenye saa kati ya 00:00 na 06:00 naiandika upya kwa maneno kwenye simu, "usiku wa kuamkia Jumapili, toka hotelini Jumamosi saa 5 usiku". Nazo za asubuhi naziandika hivyo hivyo kwa sababu nimeshamuona mtu (simtaji, ananisoma) kaona 07:40 akajipanga kwa saa saba na dakika arobaini mchana. Sisi tunahesabu saa kwa jua na tiketi inahesabu kwa saa ya ukutani, usiache kichwa kifanye hiyo tafsiri saa 10 alfajiri.

Begi. Hapa nilibishana na mdogo wangu muda mrefu, yeye ni mtu wa sanduku la magurudumu na mimi zamani nilikuwa hivyo hivyo. Sanduku ni zuri uwanja wa ndege, sakafu inateleza, unajiona mtu wa maana. Subiri ufike mji wa kale wenye barabara za mawe, kelele peke yake, trrrr trrrr, mtaa mzima unajua umefika. Venice ina madaraja zaidi ya 400 na mengi yana ngazi, na magari hayaingii katikati ya mji, kwaiyo lile sanduku utalibeba kama mtoto. Mimi nimehamia begi la mgongoni, na nalipima kabla ya kutoka, lisizidi kilo 7 kwa sababu mashirika mengi ya ndege hapo ndo wanapoweka kikomo cha begi la ndani, yangu siku hizi inacheza kwenye kilo 6. Suruali moja ninayoivaa na moja ya akiba, fulana tatu, basi. Siku mbili hakuna mtu atakayejua umerudia suruali, na akijua, humjui.

Vimiminika nilijifunza kwa uchungu. Sheria ya chupa zisizozidi mililita 100, zote ndani ya mfuko mmoja wa lita moja unaoonyesha ndani, ipo tangu 2006 na bado viwanja vingi vinaifuata. Nilikuwa na chupa ya mafuta ya mwili ya mililita 200, mafuta yenyewe yamebaki chini kabisa, kidogo tu, nikadhani niko salama. Yule mama wa ukaguzi akaigeuza, akanionyesha namba kwenye chupa, akaitupa. Wanaangalia ukubwa wa chupa, sio kilichobaki ndani. Na siku hizi kuna viwanja vimeweka mashine mpya na vimelegeza, sasa mtego ni kwamba unapita kwenda bila shida halafu kurudi uwanja mwingine unakunyang'anya, kwaiyo jipange kwa ule uwanja mkali.

Pawabenki usiiweke kwenye begi linalopakiwa chini, inatakiwa uwe nayo mwenyewe ndani, na mwisho bila ruhusa ya shirika la ndege ni Wh 100 (wati-saa, kipimo cha umeme inaobeba). Kama yako imeandikwa mAh tu, zidisha kwa 3.7 halafu gawa kwa 1,000, ya 20,000 inakuja 74, uko vizuri. Naitaja kwa sababu simu ndo ramani, ndo tiketi, ndo kamera, ikizima saa 9 mchana umekuwa kipofu. Ramani ya mji naidaunlodi nikiwa nyumbani kwenye wifi, GPS inafanya kazi hata bila bando, ile nukta ya bluu inatembea tu. Na nina picha ya anwani ya hoteli kama inavyoandikwa kwa maandishi ya kule kule, ukipotea unamuonyesha mtu, hakuna kubabaika na matamshi.

Viatu vipya, hapana. Sina la kuongeza, malengelenge yanaongea yenyewe.

Hoteli nyingi wanakupa chumba kuanzia saa 8 au saa 9 mchana na wanakutoa kati ya saa 4 asubuhi na saa 6 mchana. Zamani nikifika asubuhi nilikuwa nakaa mapokezi nasinzia, na siku ya kuondoka nazunguka na begi. Kumbe unauliza tu, nyingi wanakutunzia begi kabla na baada, na stesheni kubwa za treni mara nyingi zina makabati ya kufunga. Hilo peke yake lilinirudishia nusu siku kila upande, nusu siku jamani, na lilikuwa la kuuliza tu.

Sasa listi. Sehemu 14 zimekuwa mbili kwa siku. Moja kubwa asubuhi mapema, wakati makundi ya mabasi hayajafika, na moja jioni, katikati hapo hakuna mpango wowote, mguu unapoelekea. Mwanzoni niliona kama napoteza, nafika mji wote huo naacha vitu maarufu hivi hivi? Mdogo wangu alinuna kabisa, alikuwa ameshamuahidi mtu picha ya mnara fulani. Tukakubaliana kila mtu achague kimoja ambacho asipokiona atalia, vingine vyote ni bahati. Kimoja chake, kimoja changu. Siku ile baada ya mnara wake tuliingia mtaa wa nyuma tu, hauna jina kwenye kitabu chochote, kulikuwa na mzee anatengeneza saa za ukutani mlango uko wazi, saa kama thelathini zote zinagonga kwa kupishana, kila moja na saa yake. Tukasimama mlangoni karibu robo saa. Akatuona, hatujui lugha yake wala yeye yetu, akavua miwani akaifuta na shati, akasogeza mshale wa saa moja kubwa ili igonge mbele yetu. Ikagonga sita. Mdogo wangu akasema saa sita mchana, nikamwambia hapana, saa kumi na mbili, tukabishana mpaka hotelini.

Kilichobaki kunishinda ni mwavuli. Kila safari naangalia hali ya hewa siku moja kabla, inasema jua, naacha mwavuli nyumbani, mvua inanyesha Jumamosi. Nimeshanunua miavuli minne na yote nimeisahau huko huko, kila mmoja kwenye mji wake.